Aliyelala Usimwamshe: Utunzaji wa Mimea Katika Nchi ya Theluji



Mhariri wa gazeti letu ameniandikia barua akiniomba niwaeleze jambo moja la manufaa nililojifunza katika nchi ninayokaa sasa. Nilifikiri kwa siku nyingi. Habari za majumba marefu na magari mmezisikia mpaka mmechoka. Basi nimeona afadhali niwaeleze habari ya viazi, vitunguu, maua na miti, na jinsi inavyotunzwa wakati baridi kali inapokuja. Msicheke. Jambo hili lilinitia aibu kubwa, na tangu hapo limenifaa kila mwaka.

Mimi ni mtoto wa Kigezi. Kwetu Kabale ni mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi ya mwezi wa Julai watu hutoka nje wamejifunga mablanketi. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, na watu wakaniogopesha kwa habari ya baridi ya huko, niliwajibu kwa majivuno, “Mimi ni mtu wa milimani, baridi naijua.” Kumbe nilikuwa sijui kitu.

Nilifika katika mji wa Saint Paul mwezi wa Agosti mwaka 2013. Nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 78. Bibi huyu alikuwa na bustani nzuri nyuma ya nyumba: viazi ulaya, karoti, vitunguu, maboga, na mboga za majani zilizo ndugu wa sukuma wiki yetu. Alikuwa na mtufaha mchanga mmoja, miwaridi mitano, na safu ya maua yaitwayo dalia, mekundu ya kukoza, ambayo marehemu mumewe aliyapanda mwaka waliofunga ndoa. Dalia asili yake ni Mexico. Huota kutoka katika mizizi minene kama viazi vitamu vidogo, na haiwezi kuvumilia udongo ulioganda. Kwa hiyo kila mwaka mizizi hiyo huchimbwa, huwekwa ndani, kisha hupandwa tena. Bibi alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Mwanzo wa mwezi wa Oktoba Bibi alianguka ngazini akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, binti yake alimchukua akae naye Arizona, ambako ni kwenye joto, mpaka apone. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniambia kwamba ananiachia bustani, mimea ya ndani na vyakula vya chumba cha chini. Kuhusu dalia alisema neno moja tu: jalidi ya kwanza ikiyapiga majani yakawa meusi, niichimbe mizizi niipeleke chini. Jalidi ni ule umande unaoganda usiku na kuwa mweupe kama unga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Niliwaza hivi: adui ni baridi, basi dawa ni joto. Kila kitu nitakipasha joto. Kwa wazo hilo moja niliharibu karibu kila kitu.

Kwanza, siku ile ile ya jalidi ya kwanza nilizifunika bustani zote kwa majani mengi na magunia, wakati udongo ungali na joto. Pili, nilichimba viazi, vitunguu, maboga na dalia, nikachuma na matufaha, nikavirundika vyote pamoja katika chumba kilicho chini ya nyumba, karibu kabisa na tanuri linalopasha nyumba joto. Sanduku la karoti, ambalo Bibi alikuwa amelijaza mchanga mbichi, lilikuwa zito mno. Nikaliacha lilipokuwa, katika pembe ya ukuta wa kaskazini penye baridi kuliko pote. Tatu, nilinywesha maji mimea ya ndani kila siku, maana hewa ya nyumba ilikuwa kavu hata midomo yangu ikapasuka. Nne, theluji ilipoanguka, kila Jumamosi nilichukua koleo nikaiondoa shinani mwa mtufaha ili jua lipate kuupasha.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali sana. Tarehe 6 Januari 2014 shule zote za serikali katika jimbo zima zilifungwa kwa ajili ya baridi, nayo ilikuwa imeshuka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Bibi alipiga simu mara nyingi, nami nilimjibu kila mara kwamba mambo ni mazuri. Mpaka hapo viazi vilikuwa vimetoa machipukizi marefu kama vidole, na mimea miwili ya dirishani ilikuwa imekufa. Ningaliweza kumwuliza la kufanya. Sikumwuliza, kwa sababu niliona haya. Wazee wetu husema, kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa mjinga kwa kutouliza.

Bibi alirudi mwezi wa Mei, akitembea kwa fimbo. Nilimpeleka nikamwonyesha yote. Mashina ya maua ya kudumu yalikuwa yameoza chini ya magunia. Gome la mtufaha lilikuwa limepasuka kwa urefu, upande wa kusini-magharibi. Na mizizi ya dalia, niliyoiweka kwenye rafu juu ya tanuri, ilikuwa imekauka na kunyauka kama ndimu za mwaka jana. Niliivunja mmoja mkononi, nao ukatoka unga tu. Bibi aliketi kwenye kiti cha jikoni, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba niliitunza mimea kama ninavyojitunza mwenyewe. Mtu baridi ikija hutafuta joto akae macho. Mmea baridi ikija hutaka kulala. Mimi usiku na mchana nilikuwa nikiuamsha.

Maneno hayo ndiyo niliyotaka kuwaletea. Ninyi mwaijua methali yetu isemayo, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kazi yote ya majira ya baridi imo katika methali hiyo. Nitawaeleza sababu zake, kisha njia zake.

Sisi tunakaa karibu na ikweta, na mchana wetu una saa kama 12 mwaka mzima. Saint Paul iko karibu na latitudo ya 45 upande wa kaskazini. Huko mwezi wa Juni mchana una saa 15 na nusu, lakini tarehe 21 Desemba haufiki hata saa 9. Mti hauna kalenda, lakini hupima urefu wa usiku. Usiku unapozidi kurefuka, mti hujua kwamba baridi yaja. Huvuta chakula kutoka katika majani na kukiweka akiba katika matawi na mizizi, kisha huyaachilia majani yapukutike. Machipukizi ya mwaka ujao huyafunga ndani ya magamba madogo magumu. Ndani ya chembe zake hai mti huzidisha sukari na kupunguza maji, ili barafu ikifanyika ifanyike nje ya chembe hizo. Barafu ikifanyika ndani ya chembe, chembe hiyo hufa. Ikifanyika nje yake, chembe husalimika. Mti uliojiandaa hivyo waweza kustahimili baridi ambayo ingemwua mtu kwa muda mfupi.

Lakini usingizi huo ukikatizwa, nguvu hiyo hupotea. Mti uliopata joto siku kadhaa huanza kuamka na kuvua nguo zake za baridi, tuseme hivyo; baridi ikirudi ghafula huukuta uchi. Mwezi wa Machi mwaka 2012 katika jimbo la Michigan joto kubwa lilikuja mapema kuliko desturi. Mitufaha ikaamka, ikachanua. Mwezi wa Aprili jalidi ikarudi, na karibu sehemu 9 katika 10 za mavuno ya matufaha ya jimbo hilo zikapotea. Ni joto lisilo la wakati wake lililoanzisha hasara ile, na baridi ikaimaliza.

Basi, tuanze na bustani ya nje.

Kazi ya kwanza, kabla udongo haujaganda, ni kunywesha maji. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Misonobari na miti mingine isiyopukutisha majani huendelea kupoteza maji kwa jua na upepo hata katikati ya baridi, lakini mizizi yake haiwezi kunywa, maana maji yamekuwa mawe. Miti hiyo hufa kwa kiu huku imezungukwa na theluji. Kwa hiyo hunyweshwa vizuri mwezi wa Oktoba hadi udongo utakapoganda.

Kazi ya pili ni kufunika, lakini si mapema. Bustani hufunikwa kwa nyasi kavu au mabua baada ya udongo kuanza kuganda, mara nyingi katika mwezi wa Novemba, kwa unene wa sentimita 10 hadi 15. Nilipoelezwa sababu yake nilishika kichwa. Nilidhani kifuniko ni cha kutia joto, kumbe ni cha kuzuia joto lisiingie. Udongo ukiganda usiku na kuyeyuka mchana, ukaganda tena na kuyeyuka tena, huvimba na kunywea mpaka huisukuma mimea juu na kuiacha mizizi wazi. Kifuniko huufanya udongo ubaki katika hali moja. Ukikiweka mapema, kama nilivyofanya mimi, mashina huoza kwa unyevu na joto, na panya hupata nyumba nzuri ya kuzalia.

Theluji nayo ni kifuniko bora. Imejaa hewa ndani yake kama sufi ndani ya mto. Hewa juu yaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na udongo ulio chini ya theluji ya sentimita 30 ukawa karibu na sifuri tu. Hiyo ndiyo theluji niliyokuwa nikiiondoa kwa koleo kila Jumamosi, nikitoka jasho na kujiona mtu mwenye bidii.

Kazi ya tatu ni kuukinga mti mchanga na jua. Alasiri ya siku ya baridi jua hupiga gome upande wa kusini-magharibi. Upande huo hupata joto na kuamka. Jua likitua, baridi hurudi kwa dakika chache, na gome lililoamka hufa na kupasuka. Kwa sababu hiyo shina la mti mchanga huzungushiwa kitambaa au karatasi nyeupe mwezi wa Novemba, ili irudishe mwanga wa jua, kisha huondolewa majira ya kuchipua yafikapo. Chini huzungushiwa wavu wa chuma, maana sungura na panya wa shambani wakikosa chakula hula gome, na gome likiliwa kulizunguka shina lote, mti hufa.

Miwaridi laini huko ina desturi yake, ambayo wakulima wa Minnesota wameibuni na kuipa jina la jimbo lao. Katikati ya mwezi wa Oktoba matawi hufungwa pamoja kwa kamba, udongo hulegezwa upande mmoja wa mizizi, na mwaridi wote hulazwa polepole ndani ya mtaro na kufukiwa. Baadaye hutandazwa majani makavu juu. Mwezi wa Aprili hufukuliwa na kusimamishwa tena. Mara ya kwanza nilipoona kazi hiyo nilidhani wanazika. Kumbe walikuwa wanalaza.

Iko pia mimea inayoipenda baridi, nayo isipoipata haifanyi kazi. Vitunguu saumu hupandwa huko mwezi wa Oktoba, punje moja moja, ili vipigwe na baridi ndani ya udongo. Bila baridi hiyo punje huelekea kutoa kitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika. Maua ya tulipu huhitaji majuma 12 au zaidi ya baridi kabla ya kuchanua vizuri. Na ile mboga ndugu wa sukuma wiki huwa tamu zaidi baada ya jalidi, kwa ile sukari niliyoitaja. Nimekula mboga iliyochumwa ndani ya theluji, nikaipika kwa vitunguu na nyanya, na nawaambia kweli, hata nyumbani sijaonja tamu kama ile.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa mimea ya vyunguni.

Mimea mingi inayowekwa dirishani katika nchi za baridi asili yake ni nchi za joto. Haijui usingizi mzito wa mtufaha. Huko kwao hakuna majira ya baridi. Lakini mwanga wa Desemba ni mdogo, nayo haiwezi kujitengenezea chakula kingi, kwa hiyo hupumzika nusu nusu. Mmea uliopumzika hunywa maji kidogo. Ukiujaza maji kila siku, hewa huondoka katika udongo na mizizi huoza. Hiyo ndiyo njia niliyoiua mimea miwili ya Bibi. Kinachofaa ni kutia kidole katika udongo mpaka pingili ya kwanza; ukikuta pakavu, nywesha; ukikuta unyevu, acha. Mbolea nayo isitiwe mpaka siku zianze kurefuka, maana ni kumlazimisha mgonjwa kula wakati hana njaa. Hewa kavu haiponywi kwa kujaza maji chunguni. Afadhali kukusanya vyungu pamoja, au kuviweka juu ya sinia la kokoto na maji, chungu kisiguse maji yenyewe. Na visiwekwe juu ya bomba la joto, wala majani yasiguse kioo cha dirisha wakati wa usiku.

Mimea iliyokaa nje wakati wa joto huingizwa ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, yaani katika mwezi wa Septemba. Kwanza hukaguliwa chini ya majani ili wadudu wasiingie pamoja nayo. Ikipukutisha majani kidogo baada ya kuingia, usifadhaike. Inajizoeza kwa mwanga hafifu.

Katika dirisha la jikoni Bibi alikuwa na chungu kidogo cha maua ya zambarau, yenye majani ya manyoya kama sikio la paka. Wamarekani huliita ua hili urujuani wa Afrika, nalo limo katika nyumba nyingi sana za Ulaya na Marekani. Nilipouliza limetoka wapi katika Afrika, nilipata jibu lililonifurahisha. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilikuta katika sehemu za Usambara akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa ajili ya jina lake. Kwa hiyo mimi, mtu wa Afrika ya Mashariki niliyetetemeka jikoni, nilikuwa na jirani wa kwetu mle dirishani. Ua hili halipendi kabisa baridi ya chini ya nyuzi 15 au 16. Maji baridi yakiangukia majani yake huacha mabaka. Hunyweshwa maji ya vuguvugu, kwa chini, likasetiri majani yake. Katika mimea yote ya Bibi hili ndilo lililohitaji joto nililokuwa nikilimwaga ovyo.

Jambo la mwisho ni vyakula vya akiba.

Nilikuwa nikidhani kwamba kiazi kikichimbwa kimekufa. Sivyo. Kiazi, karoti, kitunguu na tunda vingali hai, vinavuta hewa na kutumia chakula chao wenyewe. Kuvihifadhi ni kuvilaza vivute hewa polepole. Lakini havilali mahali pamoja, kama vile watu wote hawalali kitanda kimoja.

Viazi ulaya vikichimbwa hukaa kwanza majuma mawili mahali penye nyuzi 10 hadi 15, gizani na penye unyevu, ili majeraha ya jembe yafunge ngozi. Kisha huwekwa penye nyuzi 4 hadi 7, gizani daima. Vikipata joto vitachipua. Vikikaa kwenye baridi kuliko hapo, wanga wake hugeuka sukari, navyo vikikaangwa huwa vyeusi. Vikipata mwanga huwa vya kijani, na pamoja na ukijani huo huja sumu chungu iitwayo solanini. Kiazi kilichokuwa cha kijani sana kitupwe. Vitunguu maji vyataka baridi ya karibu na sifuri, lakini pakavu penye upepo; kwa hiyo visiwe jirani wa viazi vinavyopenda unyevu. Karoti nazo zataka baridi ya karibu na sifuri na unyevu mwingi, ndiyo maana hufukiwa katika mchanga mbichi. Maboga hayapendi baridi hiyo. Huwekwa pakavu kwenye nyuzi 10 hadi 13, yakiwa na vikonyo vyake, maana kikonyo kikivunjika uozo huingia hapo. Viazi vitamu navyo ni watu wa nchi za joto. Chini ya nyuzi 10 huharibika ndani, ijapokuwa nje vyaonekana vizima.

Matufaha yakae peke yake. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huwaambia jirani zake kwamba wakati wa kuiva umefika. Karoti zikiivuta huwa chungu, na mboga nyingine huzeeka kabla ya wakati wake. Mama zetu wajua jambo hili bila kujua jina lake: wakitaka matunda mabichi yaive upesi huyafunika pamoja na ndizi zilizokwisha iva.

Na kila majuma mawili au matatu mtu hushuka na taa kukagua. Kilichooza hutolewa siku hiyo hiyo, maana samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Sasa nirudi kwa Bibi na dalia zake. Siku ya tatu baada ya kurudi aliniomba nimpandishie karoti zilizosalia katika lile sanduku la pembeni, ambalo sikuweza kulisogeza kwenye tanuri kwa uzito wake. Karoti zilikuwa nzima, ngumu, tamu. Nilipokuwa nikipekua mchanga, mkono wangu uligusa kitu kinene kisicho karoti. Nikakitoa. Ulikuwa mzizi mmoja wa dalia, pamoja na kipande cha shina lake. Nadhani ulikatika na kudondoka humo siku nilipokuwa nikipita na mzigo wangu kuelekea tanurini. Ulikuwa haukunyauka, na karibu na shina palikuwa na jicho dogo jekundu linaloanza kuvimba.

Nilipanda ngazi mbio. Bibi aliuchukua, akaugeuza geuza mkononi, akauliza ulikuwa wapi. Nikamwambia: mahali pale nilipopasahau. Akacheka mpaka akatoka machozi, akaniambia kwamba laiti ningalikuwa mvivu zaidi, zingalipona nyingi.

Tuliupanda mwisho wa Mei, jalidi ilipokwisha. Mwezi wa Agosti ulitoa ua jekundu la kukoza, na Bibi akalikata akaliweka mbele ya picha ya mumewe. Vuli ile nilichimba mizizi mwenyewe, yeye akiketi kitini na kunielekeza. Tuliigawa, kila kipande kikiwa na jicho lake, tukailaza ndani ya maranda yenye unyevu kidogo, penye nyuzi 4 hadi 10, mbali na tanuri, tukiikagua kila mwezi. Sasa nina nyumba yangu mwenyewe. Dalia 14 zinazomea bustanini kwangu kila mwaka zote ni watoto wa mzizi ule mmoja.

Huenda mwanafunzi mmoja atauliza, “Haya yatusaidia nini sisi tusioona theluji?” Yatusaidia. Viazi vyetu vya Kigezi huuzwa sokoni vikiwa wazi juani, vikawa vya kijani. Sasa wajua sababu ya kuviweka gizani. Kiazi cha mbegu nacho hulala miezi miwili au mitatu baada ya kuchimbwa, na anayekipanda kabla hakijaamka hupata shamba lenye mapengo. Na wale wa Kabale wanaopanda matufaha wanajua kazi ya kuyaondoa majani kwa mkono baada ya mavuno. Mtufaha huzaliwa na desturi ya kulala. Aina nyingi huhitaji saa 800 au 1,000 za baridi kabla ya kuamka. Kwetu baridi hiyo haipo, basi mkulima huuvua majani kabla haujaingia katika usingizi mzito, nao huchipua na kuchanua upya.

Na jambo moja zaidi nawaachia, ninyi mtakaokabidhiwa kazi na watu wengine. Bidii ni njema, lakini bidii isiyouliza yaweza kuua. Mimi sikuharibu bustani ya Bibi kwa uvivu. Niliiharibu kwa kufanya kazi sana bila kujua kitu kile kinataka nini, na kwa kuona haya kusema kwamba sijui. Mkikabidhiwa kitu, kiwe mche, mtoto, au darasa, kwanza ulizeni. Kisha fanyeni kazi.

Nawatakia masomo mema na mavuno mema.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa zamani, Saint Paul, Minnesota.